Maua chini ya mwembe, na fagio la mama mkwe

Mwembe wetu hapa Mikindani ni mdodo wa zamani, tuliukuta. Saa saba mchana ukitandika mkeka chini yake unasinzia bila kutaka. Kwa maua sasa, ni balaa. Waridi nililopanda pale lilirefuka kama fimbo bila kuchanua, na vilivyofuata vilikauka kabla sijavizoea.

Wifi yangu aliporudi kutoka Uholanzi akaniletea mfuko wa vitunguu vya maua ya tulipu. Huko, alisema, maua ya vitunguu hupandwa hata chini ya miti, kwa sababu baridi inapoisha yanachanua haraka kabla miti haijavaa majani mapya, jua bado linafika chini. Nikapanda 20. Vilitoa vijani vichache, vingine vikaoza, ua halikutoka hata moja. Kumbe tulipu inataka kama miezi mitatu ya baridi kali ndipo ua lisimame. Sisi hata Julai tunajifunika shuka tu. Na mwembe nao hauvui majani yote kwa mkupuo, kivuli ni mwaka mzima.

Jibu nililipata shambani kwa shemeji, upande wa Nanyamba, tulipokwenda kuokota korosho. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha. Kwenye kichaka cha mpakani, chini ya miti, niliona mipira myekundu imesimama kwenye bua, majani ndiyo kwanza yanachungulia. Ukisogea unaona kila mpira ni vijiua vyembamba vingi mno, ncha zake zina unga wa njano, na shina lina madoadoa mekundu kama ngozi ya chatu mdogo. Kitaalamu ni Scadoxus multiflorus, mmea wa kwetu kabisa. Kiangazi unalala ardhini, mvua ikigusa udongo unaamka.

"Mbuzi akila hilo haponi," mama mkwe akanionya. Ni kweli, kitunguu chake ni sumu, na wenye watoto wanaochimbachimba wafikirie mara mbili.

Sikung'oa siku ile. Nilirudi Juni, majani yamegeuka njano, shemeji akanichimbia 11. Vitano nikavipanda karibu na shina la mwembe. Hilo lilikuwa kosa: pale mizizi inanyonya kila kitu na mvua ndogo haipenyi majani. Sita nikaviweka ukingoni mwa kivuli, panapopata jua la asubuhi na matone ya mwembe, nikachanganya mchanga wetu na samadi iliyooza, shingo ya kitunguu ikabaki usawa wa ardhi. Kisha sikumwagilia. Hapo nilijizuia kwelikweli, maana mkono wa mtu wa maua hauishi kutaka ndoo. Lakini kitunguu kilicholala ukikilowesha unakiozesha.

Shida kubwa haikuwa kivuli, ilikuwa fagio. Mama mkwe hufagia uwanja kila alfajiri kwa fagio la chelewa mpaka mchanga unabaki na mistari. Mimi nilitaka majani makavu ya mwembe yabaki pale, yafunike udongo. "Uwanja wenye majani unaita nyoka," akasema, na mkwe hubishani naye. Nilichofanya, nilipanga makumbi ya nazi kuzunguka vile sita, nikamwambia, "Mama, ndani ya makumbi ni kazi yangu, nje yake uwanja wako." Akacheka, akakubali. Majani aliyofagia nje akawa anayatupa ndani.

Mwaka wa kwanza sikupata ua, majani tu. Mmea huu ukihamishwa unanuna. Niliyaacha yale majani mpaka yakajikaukia yenyewe, kwa sababu ndiyo yanayolisha kitunguu cha mwaka unaofuata, ingawa yakianza kuwa njano yanachafua macho. Mwaka wa pili vilichanua vitatu, wa tatu vyote sita. Vya shinani nilivihamisha, viwili vilikuwa vimeshakufa.

Ua lenyewe halifiki hata wiki mbili, na linatoka wakati wa maembe, watoto wa mtaa wakirusha mawe. Mama mkwe sasa anakaa na kiti chake jirani na makumbi. Juzi alinipa kikombe cha plastiki chenye matunda mekundu saba nane, aliyoyachuma kwenye mabua yaliyokauka. Tumeyamenya pamoja, mbegu tumezifukia juujuu kwenye kopo la rangi, na tatu zimeshatoa kijani kimoja kimoja.