Kazi Yangu Huanzia Chini ya Dawati

Nikifika katika shule za msingi za hapa Tabora, wanafunzi huniita daktari wa mazoezi, na walimu wengi hutarajia nimtoe mtoto darasani, nimnyooshe viungo chini ya mwembe, kisha nimrudishe akiwa na nafuu. Kazi hiyo ni ya mwenzangu wa fiziotherapia. Mimi ni mtoa tiba kwa vitendo, na kinachonipeleka shuleni ni kutaka kujua mtoto huyu anatakiwa kufanya nini tangu kengele ya asubuhi hadi ya kurudi nyumbani, na ni kitu gani kinachomkwamisha.

Mara nyingi jibu hupatikana kwa kukaa nyuma ya darasa na kutazama. Niliitiwa msichana wa darasa la pili mwenye mtindio wa ubongo, ambaye mwalimu wake alikwisha kuamini kwamba haandiki kwa sababu ya udhaifu wa mkono. Dawati alilokalia lilikuwa la wanafunzi wakubwa, hivyo miguu yake ilining'inia; ili asianguke, alishika ukingo wa dawati kwa mkono wa kushoto, na daftari, likiwa halina wa kulishika, lilisogea kila alipoandika herufi. Mwili usio na pa kuegemea hutumia nguvu karibu zote kujizuia usianguke, na vidole huambulia masalia. Fundi seremala wa jirani alitengeneza kisanduku cha kukanyagia kwa mabaki ya mninga, daftari tukalibana kwa vibanio vya nguo kwenye kibao kilichoinama kidogo kuelekea kwake, na penseli tukaizungushia kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli ili inenepe na isimponyoke. Mwandiko wake haujawa mzuri, lakini sasa humaliza kunakili kabla ubao haujafutwa, na kutomaliza ndiko kulikokuwa kukimponza.

Jambo ambalo karibu hakuna anayeniuliza ni choo. Wapo watoto wasiokunywa maji tangu asubuhi, wala uji wa shule, kwa kuogopa kuchuchumaa juu ya tundu bila kitu cha kushika, na mwalimu huona tu kwamba mtoto anasinzia baada ya saa nne. Bomba la chuma lililojengewa ukutani, kwa kimo cha mtoto, huondoa sehemu kubwa ya hofu hiyo. Kaptula ya mpira kiunoni, badala ya zipu na kifungo, humwezesha kujihudumia kwa mkono mmoja, ingawa kumshawishi mwalimu mkuu kwamba hiyo nayo ni sare kamili huweza kuchukua muda mrefu kuliko kulijengea bomba lenyewe.

Kwa mwalimu mwenye darasa lililofurika, ushauri unaohitaji nusu saa kwa mtoto mmoja ni maneno matupu. Kwa mtoto mwenye usonji anayeziba masikio na kuinuka kila mara, mimi huomba mtoto akae mbali na mlango, aoneshwe mapema kipi kinafuata, na apewe kazi ya kubeba rundo la madaftari kabla ya kipindi, kwa kuwa kazi nzito ya misuli huwatuliza baadhi yao.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya watoto hawa ya kusoma pamoja na wenzao, na chuo cha hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha fani yetu. Hata hivyo, ajira yangu iko hospitalini na shule huzifikia kwa nafasi zinazobaki, utaratibu ambao naona una kasoro: tatizo la dawati halionekani kliniki. Ningependa kila halmashauri iwe na mtu wa fani hii katika idara ya elimu, mwenye usafiri.

Kwa sasa, mzazi anayeona mtoto wake anakwama shuleni aulizie kitengo cha utengamao, yaani cha kuwasaidia wenye ulemavu kujimudu, katika hospitali ya rufaa ya mkoa. Mtoto aje amevaa sare na viatu vyake vya kila siku, na daftari lake lije pia, hata kama limechanika, kwa sababu mahali lilipochanikia hunionesha jinsi anavyoliegemea.