Nilivyojikusanyia spana zangu za kwanza bila kuvunja benki ya nyumbani

Kila niliyemuuliza nianze na spana zipi alinijibu hivyohivyo: nunua seti kubwa ya vipande mia na kitu, ina boksi lake, umemaliza. Nikanunua. Inaniuma mpaka leo, kwa sababu ile pesa ingenipa soketi chache za maana (vile vikombe vya chuma vinavyovaa juu ya kichwa cha bolti).

Gari langu la Kijapani. Siku ya kwanza nabadilisha oili, bolti ya kumwaga oili pale chini ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) ni ya milimita 14, nikavalisha soketi ya 14 ya ile seti, nikavuta, ikateleza. Nikavuta tena kwa nguvu zaidi, mdomo wa soketi ukatanuka na pembe za bolti zikalika zote, kichwa kikabaki duara. Niko mgongoni chini ya gari, oili ya zamani bado imo ndani na asubuhi gari linatakiwa. Spana malaya, ile ya kurekebisha mdomo, ikateleza, plaiz ndo kabisa, ilikuwa inanyoa chuma tu.

Nikatulia nikaangalia ndani ya boksi. Soketi ya 13 sikuwahi kuiwekea maanani, kwenye gari hili nilikuwa nakutana na 10, 12, 14, 17 na 19 basi (13 na 15 utazihitaji sana kwenye magari ya Kijerumani). Lakini ile 13 ni ndogo kidogo kuliko 14, na ilikuwa ya pembe 12, yaani ndani ina kona kumi na mbili. Nikaisimamisha kwenye kichwa kilicholika, nikaigonga kwa nyundo taratibu, ikagoma, nikagonga tena mpaka mlio ukabadilika nikajua imebana, meno yake yamejichimbia kwenye chuma. Nikaweka handeli ndefu, racheti, ule mpini wa meno unaokaza upande mmoja tu, niliiacha pembeni maana yenye meno madogo ukiikandamiza hivyo inakatika meno ndani. Nikaegemea polepole bila kushtua. Krak! Ikaachia! Nilifurahi kama nimeshusha injini nzima. Bolti ilikwama ndani ya soketi, nikaitoa kwa kupitisha chuma chembamba nyuma na kugonga, nikafunga bolti mpya na washa mpya (kile kipete cha kuzuia oili isivuje).

Baada ya hapo nikabadilisha mtindo. Nikachukua chaki, kila nikifanya kazi naandika ukutani saizi niliyoshika. Miezi ikapita, ukuta ukaonyesha saizi chache tu, na 10 na 12 zilikuwa na alama nyingi kuliko zote. Hizo ndo nikazinunulia soketi nzuri za pembe 6, moja moja kadiri pesa inavyopatikana, kwa sababu pembe 6 inakamata ubavu wa nati na wala haipandi kwenye kona. Kwa spana nikachukua zile zenye ringi upande mmoja na mdomo wazi upande wa pili. Ringi ndo ya kulegezea, mdomo wazi wa kumalizia, usianze na mdomo wazi kwenye nati iliyokaza utajuta.

Spana nyingine nilizipata kuukuu, zina kutu ya kutisha, kwa bei ya kama bure. Nikaziloweka kwenye siki usiku kucha, nikasugua kwa brashi ya waya, nikaosha kwa maji yenye magadi ili ukali wa siki uishe, nikakausha haraka nikapaka oili. Chini ya kutu maandishi yakatokea, chrome vanadium, chuma kizuri kuliko chochote cha ile seti yangu mpya. Ila angalia mdomo kwanza, ukiwa umetanuka achana nayo hata ukipewa.

Sehemu moja sikubana hela ni stendi za kuwekea gari. Jeki ni ya kunyanyulia tu, jamani, usiingie chini gari likiwa limeshikwa na jeki peke yake.

Juzi nimefungua kalipa za breki za mbele (zile zinazobana pedi kwenye diski), 14 kwenye pini na 17 kwenye breketi inayozishikilia, zote mbili zimetoka kwa mkono wangu na sikuazima hata spana moja.