Albamu niliyoifuta mara mbili

Hii albamu nimeshaifuta kwenye simu mara mbili, mara ya kwanza nilidhani faili bovu, mara ya pili iliniudhi tu basi. Sasa hivi kwenye rock hakuna kitu nasikiliza kama hiki, na juzi mshkaji wangu kaniona nimekaa na hedifoni nimekodoa macho ukutani akaniuliza "mwanangu hivi huwa unasikiliza nini humo, mbona kama kimya tu?" nikashindwa kumjibu pale pale. Ngoja nimjibu hapa.

Naongelea Spirit of Eden ya Talk Talk, Waingereza hao, 1988. Kama jina halikuambii kitu, ndo wale wa It's My Life ya 1984, ule wimbo No Doubt wakaja kuurudia 2003. Sinthi, vile vinanda vya umeme vya miaka ya themanini kabisa, muziki wa redioni. Miaka minne baadae bendi hiyo hiyo inaleta nyimbo sita tu, dakika arobaini na kitu, hamna kiitikio cha kushika wala cha kuchezea harusini. Lebo yao walichanganyikiwa, na ugomvi wa mkataba ukafika mpaka mahakamani, bendi ikashinda ikahama zake, na iliyofuata, Laughing Stock ya 1991, ikatokea lebo ya Verve ambako wamezoea mambo ya jazz.

Sasa mimi na kosa langu la kwanza: niliisikilizia kwenye daladala. Wimbo wa kwanza, The Rainbow, unaanza na tarumbeta na violin kwa mbaaali kama redio ya jirani wa nyumba ya tatu, dakika mbili na ushee hakuna dramu, hakuna mtu anaimba, huku konda anagonga bodi, honi, nikaongeza sauti, nikaongeza tena mpaka mwisho, nikasema hili faili halijashuka vizuri hili. Gitaa likaingia nikatulia. Afu mbele huko ikaja hamonika. Yani ile hamonika ya Mark Feltham wameipitisha kwenye ampi mpaka inakwaruza kama mtu anaburuza bati kwenye lami, na mi sauti iko mwisho! Niliruka kwenye siti, mama wa pembeni akanishika bega "pole baba, vipi?" Nikaifuta kabla sijashuka.

Mara ya pili nilikua jikoni nachemsha maharage, spika ya simu, na shuffle imewashwa sina habari. Kuipigia shuffle hii albamu ni sawa na kuanza kuangalia mechi kwenye penati. Ikaanza Wealth, ambayo ndo ya mwisho, kinanda na jamaa ananong'ona, nikasema huyu anatuonea huruma au anajionea huruma yeye? Na besi kubwa ya kusimama, ile ya Danny Thompson, kwenye spika ya simu haipo kabisa, imekufa imezikwa. Kwa hiyo nikaikosoa albamu ambayo kiukweli nilikua sijaisikia. Nikaandika na ujumbe kwenye grupu kwamba ni "muziki wa kusubiria daktari". Ujumbe bado upo, washkaji wameuhifadhi.

Ya tatu ndo ilikua usiku, umeme umekatika mtaa mzima, hedifoni nzuri za kuazima za jamaa anaehariri video za harusi. Nyimbo tatu za kwanza zinashikana, unatoka The Rainbow unaingia Eden unaingia Desire bila kukanyaga chini, na ukiwa gizani unaanza kusikia vitu vilivyokaa NYUMA ya vitu vingine. Dramu za Lee Harris hazina mbwembwe hata kidogo, anapiga kitu kile kile kama mtu anaetwanga na mawazo yake yako mbali, na hilo ndo linakushikilia huku wengine wote wanaingia na kutoka wanavyojisikia. Ukimya nao nikaanza kuusikia kama chombo, kuna mtu ameuweka pale.

Sisi tuliokulia nyumba za kupiga rumba ya Kongo tunajua kusubiri. Unaanza polepole, mashairi, mapenzi, machozi, kila mtu ukumbini anajua sebene linakuja na ndo maana hatoki mtu. Desire wanacheza na hiyo akili yako. Ubeti umelala, kinanda kimetulia, halafu ghafla gitaa na dramu zinalipuka, unasema haya ndo sebene hili, unataka kunyanyuka... zinazima. Unarudishwa kwenye kunong'ona. Mara ya kwanza niliona ni dharau. Sasa hivi nikifika pale mwili wote unajiandaa na bado wananipata.

Ila ngoja niseme kitu kinachonikera kwa mashabiki wenzangu. Kila mtu akiongelea hii albamu anaanza na hadithi ya studio: Wessex, London, wanarekodi gizani na taa za kumulika rangi na za kuwakawaka, wapigaji wageni wanaitwa wanapiga masaa bila kuambiwa wimbo ni upi, kisha Mark Hollis, mwimbaji wa bendi, na prodyuza wake Tim Friese-Greene wanachagua vipande vidogo vidogo, vingine vyote jalalani. Hadithi nzuri, na ni ya kweli. Tatizo mi nilishaisoma kabla ya ule usiku wa tatu, so kila nilichosikia nikasikia giza. Nigel Kennedy yumo humo na violin yake, jina kubwa vile, na nilijilazimisha kumsikia sehemu ambazo nina uhakika hayupo.

Ikabidi nimtafute mtu asiejua lolote. Nikamsikilizisha dada yangu, anaimba sauti ya pili kwaya ya kanisani, hana habari na rock na hataki kuwa nayo. Hakuniambia ni nzuri wala mbaya. Ilipofika I Believe in You na zile sauti za kwaya zikapanda (ni kwaya ya kanisa kuu la Chelmsford), akatoa hedifoni sikio moja akasema: "Hawa hawajaimba na hao wapiga vyombo. Wamebandikwa. Kwaya ikiimba na vyombo lazima ivutwe na dramu kidogo, hawa hawavutwi."

Nilikaa kimya. Mi nimesoma makala kumi za hii albamu, na yeye kwa sikio tu kasikia mkasi.

Na ndo hapo albamu ilibadilika kwangu, nikaacha kutafuta giza nikaanza kutafuta mkasi. Unasikiliza tarumbeta inakata unajiuliza huyu alimaliza mwenyewe au alikatwa? Can, bendi ya Ujerumani, walishafanya mambo hayo kwenye Tago Mago ya 1971, wanapiga weee, halafu mpiga besi wao Holger Czukay anakaa na kanda anakata na kuunga, ila wale mkasi wao unausikia unakucheka, hawa wanauficha kama fundi mzuri anavyoficha mshono.

Sasa udhaifu, maana sio kila kitu ni dhahabu jamani. Hollis anameza maneno. Sehemu nyingi huelewi anasema nini, na mi naona kuna ujanja ujanja pale, maana mtu asipoeleweka tunamdhania ana jambo zito. Ushahidi wangu ni I Believe in You yenyewe, inahusu heroini, pale maneno yanasikika vizuri tu na ndo wimbo unaouma kuliko zote, kwa hiyo angeweza. Inheritance sijaipenda mpaka leo, nimeipa nafasi kama mpangaji anaedaiwa kodi lakini wapi. Na Wealth nilishasema, ingawa ikikaa mahali pake, mwisho, baada ya yale yote, nakubali nilikosea kuhusu huruma. Kidogo.

Jana yule mshkaji aliyeniuliza juzi kaja geto, kasema haya nipe nisikie hicho kimya chako. Nikamkalisha, nikazima data, nikazima feni, nikamvalisha hedifoni. Dakika moja, ananiangalia. Dakika mbili, ananionyesha kwa kidole kwamba haisikiki, anaomba niongeze. Nikaongeza. Akaomba tena, nikaongeza tena.

Kuhusu hamonika sikumwambia.