Kukifuata Kiuno cha Dior: Kutoka Granville hadi Avenue Montaigne

Anayetaka kuielewa Dior, nyumba ya mitindo ya Ufaransa, asianzie Paris. Nilianzia Granville, kwenye mwambao wa Normandy, mwendo wa kama saa tatu kwa treni kutoka stesheni ya Montparnasse, Paris. Wengi hukosea hapo: treni za Granville huondokea upande wa Vaugirard, mbali na ukumbi mkuu. Jipe dakika 15 za kutembea ndani ya stesheni, la sivyo itakuacha.

Mwanzilishi wake, mbunifu Christian Dior, alizaliwa Granville tarehe 21 Januari 1905. Nyumba ya wazazi wake, Les Rhumbs, ambayo sasa ni makumbusho, iko juu ya jabali ikitazama bahari. Rhumb ni sehemu moja kati ya 32 za dira. Nahodha yeyote angelielewa jina hilo. Kuta ni za waridi lililochanganywa na kokoto za kijivu, na Dior mwenyewe aliandika kwamba rangi hizo mbili alizipenda kuliko zote katika ushonaji. Bustani ni bure, lakini makumbusho hufungwa kati ya onyesho moja na jingine, kwa hiyo ulizia tarehe kabla ya kukata tiketi.

Paris, anwani ni 30 Avenue Montaigne. Nyumba ya mitindo ilianzishwa hapo Desemba 1946 kwa fedha za Marcel Boussac, tajiri wa viwanda vya pamba. Kuingia La Galerie Dior, makumbusho ya nyumba hiyo, usipange foleni mbele ya duka: mlango uko 11 rue François Ier, tiketi ina saa yake, na Jumanne hufungwa.

Simama sana mbele ya koti liitwalo Bar, la onyesho la kwanza la Dior, 12 Februari 1947. Ni hariri ya shantung rangi ya maziwa, juu ya sketi nyeusi ya sufu yenye marinda. Usilitazame kwa mbele. Zunguka ulione ubavuni. Kiuno kinaonekana chembamba kwa sababu pindo la koti limejazwa kwenye nyonga na kuchomoza nje. Fundi hujaribu kwanza kwa kitambaa cheupe cha marekani, anapiga bandi, anarekebisha juu ya sanamu, ndipo anakata hariri. Ujazo ukizidi, koti hupanda juu; ukipungua, pindo hulala na umbo lote linakufa. Sketi nazo zilitiwa bitana ya pakali au tafeta ili zisimame. Sketi hizo zilikula kitambaa kingi, na baada ya vita vitambaa bado vilikuwa vya mgao, ndiyo maana mwaka huohuo, katika mtaa wa rue Lepic, Paris, wanawake waliwararulia nguo wanamitindo wa Dior waliokuwa wakipigwa picha.

Dior alifariki Oktoba 1957. Mrithi wake katika ubunifu, Yves Saint Laurent, akiwa na miaka 21, alikiachia kiuno kabisa: gauni zake za 1958 zilitanuka kutoka mabegani kwenda chini. Marc Bohan alitulia hapo karibu miaka 30, kisha Gianfranco Ferré. John Galliano, katika onyesho lake la kwanza la Januari 1997, alileta shanga za Kimaasai shingoni na kifuani, na kwangu hizo ndizo nguo zake zinazodumu. Mwaka 2012 Raf Simons aliliweka koti la Bar juu ya suruali. Maria Grazia Chiuri, mwanamke wa kwanza kuongoza ubunifu hapo, alilipunguzia uzito. Juni 2025 Jonathan Anderson alifungua onyesho lake la wanaume kwa koti hilohilo, la sufu ya Donegal.