Nilivyoyavusha malisho yangu katika ukavu wa katikati ya msimu

Ninafuga ng'ombe wachache wa maziwa wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, ambako mvua ya mwaka huwa takriban milimita 500 hadi 600 na karibu yote hunyesha katika msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili. Kiangazi kirefu kinachofuata tunakifahamu na tunakiwekea akiba. Kinachoyaumiza malisho zaidi, kwa maoni yangu, ni ukavu unaoingia katikati ya msimu, mara nyingi Februari, wakati nyasi zinakua kwa nguvu na zina majani mengi yanayohitaji maji.

Dalili ninayoitazama kwanza ni kujikunja kwa jani. Jua likiwa kali, jani hujikunja kwa urefu wake ili sehemu ndogo zaidi ipigwe na jua na upepo, na vitundu vidogo ambavyo jani hupitishia hewa hufungwa ili maji yasipotee. Hatua hiyo huokoa maji, lakini pia huzuia hewa ya kaboni dayoksaidi kuingia, hivyo mmea hupunguza kujitengenezea chakula na ukuaji wake hudumaa. Nikipita shambani alfajiri nikakuta majani yamekunjuka, ninajua kwamba mizizi bado inapata unyevu usiku. Nikiyakuta yamejikunja hata saa hiyo, siingizi ng'ombe humo wala sikati chochote mpaka mvua irudi na nyasi zichipue vizuri.

Ukavu ukizidi, majani ya zamani hukauka kabla ya machanga, kwa sababu mmea huondoa sehemu ya virutubisho vilivyomo na kuvihamishia kwingine, zikiwemo sehemu za chini ya shina na mizizi. Huko ndiko uhai wa nyasi unakobaki, na ndiyo maana nilikitilia mkazo kimo cha kukata kuliko jambo lingine lolote. Mvua ikiwa ya kutosha ninaacha kisiki cha sentimita 10 hivi. Dalili za ukavu zikianza ninaacha 15 au zaidi, ingawa ninajua kwamba siku hiyo nitapata mzigo mdogo. Nyasi iliyokatwa karibu na ardhi husimamisha ukuaji wa mizizi yake ili kuotesha majani mapya, na hufanya hivyo wakati uleule ambapo inahitaji mizizi ishuke kufuata maji.

Aina ya nyasi nayo ina uzito wake. Majani ya tembo hayana mpinzani penye maji, lakini hapa kwetu hudumaa upesi, kwa hiyo niliyaweka bondeni tu, katika mashimo yenye samadi nyingi. Brakiaria hubaki ya kijani kwa muda mrefu zaidi. Iliyonipa moyo kuliko zote ni Cenchrus ciliaris, nyasi ya asili ya Afrika ambayo kituo cha utafiti wa mifugo cha TALIRI hapa Kongwa kimeifanyia kazi kwa miaka mingi: mizizi yake inaweza kushuka mita 2 na zaidi, na sehemu ya chini ya shina lake imevimba kwa akiba ya chakula. Hukauka ikawa kahawia kabisa, kisha huchipua siku chache tu baada ya mvua nzuri. Anayetaka kuipanda ajue kwamba mbegu iliyovunwa karibuni huwa imelala, na huota vizuri zaidi ikihifadhiwa kwa miezi kadhaa.

Upo pia upande wa lishe, ambao wafugaji wengi huupita haraka. Ukavu mdogo huchelewesha nyasi kurefusha mashina na kutoa maua, kwa hiyo kwa muda fulani kinachopatikana ni kidogo lakini laini na chenye majani mengi. Huo ndio muda ninaokata nyasi za hei, yaani za kukausha na kuweka akiba, huku nikilinda kisiki. Nikisubiri majani yafe, protini hushuka, na ikipungua chini ya takriban asilimia 7 vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe hukosa naitrojeni ya kutosha, usagaji hupungua na ng'ombe hula kidogo hata mbele ya hori lililojaa. Kwa wanaolishwa hei ya namna hiyo ninachanganya majani ya lukina, mti wa jamii ya kunde wenye majani yenye protini nyingi.

Mvua inaporudi, ninazuia tamaa ya kukata mara moja. Nyasi iliyotiwa samadi nyingi huweza kulimbikiza naitreti wakati wa ukavu, hasa sehemu ya chini ya shina, na naitreti ikizidi humzuia ng'ombe kusafirisha oksijeni katika damu na inaweza kumuua. Kwa hiyo ninaiacha zaidi ya wiki moja ikue, ninaikata juu, na siku za mwanzo ninaitoa kidogo kidogo kwa ng'ombe ambao wamekwisha kushiba hei.