Theluthi Mbili

Wiki ile ya barua ya posa, mama alimwita mjomba nyumbani kwetu Igoma. Mdogo wangu ana sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Tulishazoea kukesha tukimkanda miguu kwa maji ya moto huku analia, na alfajiri kumkimbiza hospitali ya Bugando. Mama hakutaka niende kuyaanza upya kwenye ndoa yangu.

Shangazi alikuwa ameshakata shauri: "Watoto wanne, mmoja anaumwa. Robo imeshatimia, nyie wengine mko salama." Mjomba, mwalimu wa baiolojia, alivuta daftari la mama la hesabu za dagaa, akachora mraba wenye vyumba vinne. A ni jeni ya kawaida, S ni ya sikoseli, na mtoto huchukua moja kwa kila mzazi; mwenye SS huugua, mwenye AS hubeba tu. Baba AS, mama AS. Chumba kimoja AA, viwili AS, kimoja SS.

"Shangazi, hivi vyumba havigawiwi kwa zamu," akasema. "Kila mimba inaanza upya na robo yake."

Kisha akauliza: mimi je, uwezekano wa kubeba jeni hiyo ni kiasi gani? Mdogo wangu, wakati huo kidato cha tatu, akadakia: "Nusu, mjomba."

Mjomba akakipiga mstari chumba cha SS. "Dada yako ni mtu mzima na hajawahi kuumwa hivyo. Hiki si chake. Vimebaki vitatu, na viwili ni AS." Theluthi mbili! Mdogo wangu alikitazama sana kile chumba kilichokatwa. Kilikuwa chake, na moyo uliniuma.

Kwa mchumba wangu, Ukerewe, hatukusikia mgonjwa. Lakini Kanda ya Ziwa takriban mtu mmoja kati ya watano hubeba jeni hiyo. Malaria ndiyo iliyoiacha ienee, maana mwenye AS ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Theluthi mbili mara moja ya tano mara robo: uwezekano wa mtoto wetu kuugua ni moja ya 30. Mama akashusha pumzi.

"Usipumue bado, dada," mjomba akamwambia. "Hiyo ni hesabu ya watu wasiopima. Wote wakiwa AS, inarudi kuwa robo."

Tukapima kabla ya mahari. Mimi AS, mwenzangu AA: watoto wetu hawataugua sikoseli, ila kila mmoja ana nusu ya kubeba kama mimi. Mdogo wangu ndiye aliyeisomea familia majibu. Alipomaliza akamgeukia shangazi, dada wa baba, akamwuliza wanawe watapima lini.