Kiasi

Nilikuwa na miaka 14, na shuleni tulikuwa tumeanza kupima vitu kwa mililita, basi nikajiona mtaalamu. Jioni ile shangazi alikuwa na wageni. Nikajipeleka jikoni kwake na daftari na kalamu, niiandike chai yake ya viungo, nisiwe tena mtu wa kuulizauliza.

"Iliki ngapi, shangazi?"

"Kiasi."

"Mdalasini?"

"Kijiti. Ukiona hakinukii, viwili."

"Na sukari?"

"Sukari si utaonja, mwanangu?"

Nikaandika "kiasi" mara nne kwenye ukurasa mmoja. Yeye alikuwa anaponda iliki kwenye kinu kidogo, mbegu peke yake. Maganda aliyatupia kwenye maji ya chai, kwa kuwa bado yana harufu, ya nini kuyamwaga. Hakuwahi kuponda ya akiba. Iliki iliyosagwa tangu juzi, alisema, ni vumbi tu.

Alipotoka kwenda kuanua nguo nikaona hapo ndipo pangu. Lita 1 ya maziwa ilikuwa motoni, imepata joto lakini haijachemka. Nikakuna tangawizi mbichi, nikapima vijiko 2 vya chakula, nikavisawazisha kwa kisu kama tulivyofundishwa, nikatia. Nikakoroga. Nikaandika. Nilipoinua macho, maziwa yalikuwa yamekatika: mabonge meupe juu, maji ya manjanomanjano pembeni.

Nikafunika sufuria. Sijui nilidhani kifuniko kingesaidia nini.

Shangazi aliporudi akafunua, akanusa. "Tangawizi mbichi huchemshwa kwanza kwenye maji. Ukiipeleka hivihivi kwenye maziwa, inayakata." Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba tangawizi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa, na kwamba kuchemshwa ndiko kunakokiua. Shangazi hakuwa na habari za kimeng'enya. Alikuwa na habari za sufuria zake.

Nikangoja kukaripiwa. Yeye akatafuta kitambaa safi, akayachuja yale mabonge, akayakamua. Mezani unga wa biskuti ulikuwa umeshachanganywa na siagi na sukari, bado mayai tu. Mayai akayarudisha kabatini. Akamimina mabonge kwenye unga, na tangawizi yake humohumo, akaanza kukanda.

"Unga unaongeza kiasi gani?" Nimeuliza tena! Safari hii hakujibu. Akanishika mkono akaubandika kwenye donge.

"Unanata?"

"Unanata."

"Basi bado." Akanyunyiza konzi moja, akakanda. "Na sasa?"

Nikagusa. Mkono ulitoka mkavu.

Maziwa yalikuwa yamekwisha, kwa hiyo chai ikawa ya rangi. Akaiongezea karafuu mbili tatu na majani akayatia mwisho kabisa, isije ikawa chungu. Biskuti zilitoka kwenye oveni zimepasukapasuka juu, kila moja na umbo lake, na ukitafuna unakutana na nyuzi za tangawizi. Nilizionea haya. Wageni walizimaliza, sahani wakaifuta kwa vidole, kisha mmoja wao akauliza zinapikwaje.

Shangazi akanielekeza kwa kidevu. "Muulizeni mwenye daftari."

Nikalifungua mbele yao. Chini ya zile "kiasi" nne kulikuwa na mstari mmoja tu wenye vipimo: tangawizi mbichi, vijiko 2, maziwa lita 1.